Nishani Kwenye Koti la Babu Desmond

Mimi ndiye ninayemtunza Babu Desmond kule Irving: dawa, kuoga, chai, na kubishana naye mambo ya mpira. Mwingereza, miaka themanini na minane, macho yanaona mwanga tu. Alipoalikwa Houston kwenye ibada ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, nika-drive saa nne nzima.

Tulipofika parking nikamvalisha koti, nikabandika nishani mbili za baba wa babu yake, askari wa meli za kivita za Malkia Victoria. Nikaziweka kushoto, karibu na moyo. Kitu unachokipenda utakiweka wapi kwingine?

Mlangoni, Charlotte, mama mmoja nesi mstaafu wa jeshi, akakakamaa, akampigia saluti. "Ulipigana wapi, Mzee?"

Babu akapapasa kifua. Akawa mwekundu mpaka masikio.

"Kalisti, umeziweka wapi?"

"Kushoto, Babu."

"Kushoto anavaa aliyezipata mwenyewe! Mrithi anavaa kulia. Umenifanya mwizi wa heshima ya marehemu. Nirudishe nyumbani."

"Babu jamani, hata chai hatujanywa."

"Nyumbani!"

Akageuza kigari chake cha kushikilia anapotembea. Siku aliyoisubiri tangu Agosti, nimeiharibu kwa pini mbili! Nikamgeukia Charlotte.

"Mama, kosa ni langu. Kwetu Bukoba sijawahi kuona mtu amevaa nishani za babu yake. Huyu mzee hajui kudanganya. Hata kwa daktari anakiri amekula keki ngapi."

Charlotte akacheka, akamwahi Babu kabla hajafika kwenye ngazi. Akazifungua nishani taratibu, akazihamishia kulia, akasoma kwa sauti jina lililochongwa ukingoni. Babu akasimama kulisikiliza.

"Huyo alipigana Misri," akasema. "Mimi sikupigana popote. Niliuza magodoro miaka thelathini na minane."

"Magodoro?" Charlotte akamshika mkono. "Mungu wangu, mgongo huu unaniua. Njoo ukae meza yetu."

Ibada ilipokwisha, wastaafu saba walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na mgongo wake, na Babu anawauliza mmoja mmoja, kwa ukali kama daktari, huwa wanalalia ubavu gani.