Uchaguzi wa Bonde la Harless

Haskell Dotson alimvunja Pleas Adkins taya siku ya Jumamosi mchana, mbele ya duka la kampuni, wanawake wakiwa na vikapu mikononi wakitazama. Alitumia kitako cha bastola. Kosa la Pleas lilikuwa kubandika picha ya mgombea kwenye mlango wa duka, na mgombea mwenyewe alikuwa Corbett Muncy, mume wa dada yake Haskell.

"Bandika nyingine sasa," Haskell alimwambia, amemwinamia. "Bandika kwa ulimi."

Pleas alitema damu na meno kwenye vumbi la makaa. 

Ndivyo siasa ilivyoendeshwa katika kaunti ya Tolliver, kwenye milima ya Virginia Magharibi, mwaka ule wa 1922. Sherifu Lon Estep ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Chama. Chama ndicho kilichoamua nani awe hakimu, nani awe mwendesha mashtaka, na nani aende bunge la jimbo. Chama cha pili kilikuwepo, lakini kama mbwa aliyechorwa ukutani: hakibweki, hakiumi. Aliyeshinda kura za mchujo za Chama alikuwa keshashinda uchaguzi wote. Na mgongoni mwa Chama alikaa Umoja wa Wenye Migodi. Umoja ndio uliolipa mishahara ya askari wa sherifu, Haskell akiwa mmoja wao, na hakuna aliyejisumbua kulificha hilo. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na pale Tolliver kamba zote zilifungwa kwenye kigingi kimoja.

Corbett alikuwa mchimbaji wa makaa, mwenye kifua kipana na maneno mengi. Mwaka uliotangulia gesi ililipuka ndani ya mgodi wa Harless, na miongoni mwa waliokufa alikuwa Emory, mdogo wake Haskell. Wachimbaji wakadai sheria ya kuwalazimisha wenye migodi kuweka feni za kutoa gesi. Muswada ulifika bungeni, lakini mjumbe wa Tolliver, mtu wa Chama, aliunyonga kwenye kamati kabla haujasomwa mbele ya wenzake. Hapo wachimbaji wakakata shauri: kama mlango ni Chama, basi tupitie hukohuko. Wakamsimamisha Corbett agombee kiti cha mjumbe yule kwenye kura za mchujo za Chama.

Jioni ya Jumamosi ile Haskell alikwenda kwa mama yake, kama kawaida, kula maharage na mkate wa mahindi. Mama Arminta alikuwa amekwisha kupata habari. Aliiondoa sahani mezani kabla mwanawe hajaketi.

"Nionyeshe mikono."

"Mama, ni kazi tu."

"Hata mchawi ana kazi."

"Nisipofanya mimi atafanya Burl Skaggs, na Burl angemuua kabisa."

"Kwa hiyo tukushukuru?" Mama Arminta aliimwaga sahani kwenye ndoo ya nguruwe. "Mdogo wako walituletea kwenye jeneza lililopigiliwa misumari. Hata uso hatukuuona. Na wewe unakula kwa hao hao waliopigilia."

"Corbett hatashinda. Anawapeleka watu wakapigwe bure."

"Jumanne nakwenda kupiga kura. Wanawake tumepewa kura, na yangu sikuiweka kabatini kama sahani za wageni. Ukitaka kunizuia, nizuie kwa hicho kitako cha bastola, mwanangu."

Haskell akaondoka na njaa. Njiani alijiambia kwamba mama ni mzee, kwamba atachoka kutembea, kwamba Jumanne mvua itanyesha.

Jumanne jua liliwaka. Kituo cha kura kilikuwa shule ya bonde, chumba kimoja cha mbao chenye mlango mmoja. Sherifu Estep aliwapanga askari wake tangu asubuhi, akiongea polepole kama mtu anayeagiza nyama buchani.

"Mwenye kitambaa chekundu shingoni ni wa Corbett. Asiguse karatasi. Akibisha, mlazeni. Na sanduku lije kwangu likiwa bado limefungwa. Hesabu nitafanya mimi."

Pembeni, ndani ya gari lake, alikuwa Bwana Thayer Whitlock, wakili wa Umoja, akivuta sigara. "Mimi sijasikia kitu," alisema, na askari wakacheka.

Saa za mwanzo kazi ilikwenda kama ilivyozoeleka. Walikuja wanaume wenye vitambaa vyekundu na walirudishwa kwa marungu. Haskell alimpiga mmoja mbavuni mpaka akatapika, na mwingine akamkanyaga mkono. Burl Skaggs, jitu la watu lenye jino la dhahabu, alimburuta mzee mmoja kwa ndevu mpaka barabarani. Corbett alisimama karibu na mlango, uso umevimba tayari, akiita: "Msirudi nyumbani! Kaeni hapo hapo mstarini!" Burl alimpiga, akaanguka. Akainuka. Akapigwa tena, akainuka tena.

Ndipo wanawake wakaja. Walishuka kilimani kwa pamoja, wajane wa mgodi na wake za wachimbaji, wamevaa nguo zao za kanisani. Mbele yao alikuwa Mama Arminta na kofia yake nyeusi.

Burl alijiweka mlangoni. "Bibi, rudi jikoni. Maharage yanaungua."

"Yakiungua nitakulisha wewe," Mama Arminta akamjibu. "Nguruwe hachagui."

Watu wote waliangua kicheko, hata askari wawili wa sherifu. Burl alikuwa mtu anayeweza kuvumilia risasi lakini si kicheko. Aliinua rungu na kulishusha begani kwa mama yule. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Mama Arminta alianguka magoti, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akaanza kujivuta ainuke. Burl akainua rungu mara ya pili, na mkono wake mwingine ukaenda kwenye bastola.

Haskell hakukumbuka kuitoa yake. Aliona tu shingo ya Burl ikifunguka na damu ikirukia ubao wa mlango. Burl alimgeukia akiwa na mshangao, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, kisha akaanguka juu ya ngazi.

Askari wakaanza kufyatua ovyo, na wachimbaji wakatoka nyuma ya miti na sururu, mawe na bunduki za kuwindia. Pleas Adkins, taya lake limefungwa kwa kitambaa, alimpasua askari mmoja kichwa kwa koleo, naye akapigwa risasi ya tumbo papo hapo. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya Mama Arminta alianguka bila kutoa sauti. Haskell alimshika mama yake kwapani, akamwingiza ndani. Corbett akawafuata, wakasukuma dawati la mwalimu mlangoni. Risasi ilipita ubao na kumwingia Haskell kwenye nyonga. Alikaa chini, mgongo kwenye sanduku la kura, bastola ikielekea mlangoni.

"Mama, lala chini!"

"Nilale nimekuja kulala?" Mama Arminta aliisogelea meza, mkono wa kulia ukining'inia kama mkono wa nguo iliyoanikwa. Msimamizi wa kituo, mchungaji mzee aliyejificha chini ya meza hiyo, alimpa karatasi. Aliweka alama kwa mkono wa kushoto, akaikunja kwa meno, akapita juu ya miguu ya mwanawe na kuitumbukiza sandukuni.

Wachimbaji walikuwa wengi kuliko askari, na sherifu hakuwa amezoea mapigano yenye pande mbili. Kabla ya jua kuzama alirudi nyuma na gari la Bwana Whitlock likamtangulia. Mlango ukafunguliwa, waliobaki hai wakapiga kura wakiruka maiti ya Burl, na mchungaji akazihesabu kwa sauti, mbele ya watu, karatasi moja baada ya nyingine. Bonde la Harless lilimpa Corbett kura za kutosha kuyafuta makaratasi yote ambayo sherifu alikuwa ameyapika kwingine.

Kesho yake wanajeshi wa jimbo waliingia kuleta utulivu. Walimkamata Haskell kitandani kwa mama yake kwa kosa la kumuua askari wa sherifu. Waliomuua Pleas na yule mwanamke hawakuulizwa hata majina.

Miezi ile ya kungoja kesi katika gereza la kaunti, Estep aliwaruhusu vijana wake wamtembelee kila walipokuwa na nafasi. Walimpiga kwa mifuko iliyojaa mchanga ili asiwe na alama. Nyonga ilipona vibaya, akawa anatembea kama kaa. Lakini alikuwa na tumaini moja. Corbett alisimama hatua mbili tu kutoka kwa Burl. Aliliona rungu likipanda mara ya pili, aliuona mkono ukienda kwenye bastola. Baraza la raia wanaoamua kesi lisingemsikiliza mchimbaji, wala mama wa mshtakiwa. Mjumbe wa bunge lingemsikiliza.

Corbett alifika mwezi Februari, katikati ya kikao cha bunge. Alikuwa amevaa suti, na viatu vyake vilimeta.

"Shemeji."

"Mheshimiwa," Haskell alisema akicheka. "Umenenepa."

Corbett hakucheka. Aliukaribia mlango wa nondo. "Nimekuja nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Whitlock alinifuata bungeni. Umoja utaacha kuupinga muswada wa feni. Chama kizima kitaupigia kura. Migodi yote, jimbo zima, kabla ya baridi ijayo."

"Na wewe utoe nini?"

"Niseme mahakamani kwamba sikuona."

Haskell akauliza, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu: "Mimi ni nani mpaka wauze sheria kwa ajili yangu?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Askari wetu wakijua kwamba mtu anaweza kutugeuka kisha akarudi nyumbani kula chakula chake, kesho tutamtuma nani?'"

Haskell alipitisha mikono kwenye nondo, akamkamata Corbett kola na kumvuta. Uso wa mjumbe uligonga chuma. Akamrudisha, akamvuta tena kwa nguvu zaidi, na pua ikavunjika. Corbett hakujitetea wala hakuita mlinzi. Damu ilichuruzika kwenye shati jeupe.

"Ahadi yao imeandikwa?" Haskell aliuliza, meno yameumana. "Au ni maneno ya mdomo?"

"Imeandikwa. Nimeisoma mpaka mwisho."

"Na kiti chako?"

"Kiti wataniachia."

"Usithubutu kuniambia unafanya kwa ajili ya Emory."

"Sisemi."

Haskell alimwachia. Akakaa kwenye kitanda. "Mama anajua?"

"Bado."

"Kamwambie. Wewe, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama mbele yake. Halafu ukaseme unachotaka kusema."

Corbett alikwenda kumwambia. Kilichosemwa nyumbani kwa Mama Arminta hakikutoka nje, ila majirani walimwona mjumbe akitoka akiwa ameshika sikio. Na siku ya kesi aliapa, akaulizwa, akamtazama hakimu na kusema, "Sikuona." Haskell alifungwa maisha. Juma lilelile bunge likapitisha sheria ya feni kwa makofi, na Bwana Whitlock akampa Corbett mkono ukumbini, watu wakiona.

Gereza la jimbo lilikuwa mbali, mama yake akaja majira ya kupukutika majani. Bega lake liliunga likiwa limeinuka, likampa sura ya mtu anayeuliza swali muda wote. Mlinzi aliumega mkate wa mahindi aliouleta mama vipande vipande kutafuta tupa ya kukatia nondo, akaurudisha makombo kwenye kitambaa.

"Feni zimewekwa?" Haskell aliuliza.

"Zimewekwa. Zinanguruma mpaka kuku hawatagi."

"Na gesi?"

"Wanasema haikai tena. Wanaume wanatoka shimoni wanapiga chafya tu kwa upepo wa feni."

Haskell aliinamisha kichwa. Alitaka kufurahi na akaona kwamba furaha ipo, ila imekaa mahali penye jeraha, huwezi kuigusa.

"Na Corbett?"

"Sheria nzuri, mtu mbaya," mama alisema. "Sisi wajane tumeungana sasa, bonde letu na mabonde ya jirani. Tulikwenda mpaka bungeni, tukakaa juu kule kwa watazamaji. Aliponiona aliangusha karatasi zake. Tunataka fidia kwa wajane. Ataileta. Asipoileta, mwaka wa uchaguzi tutamweka mwingine."

"Mama, watawapiga."

"Watatupiga, ndiyo." Alikusanya makombo, akayagawa mafungu mawili kwenye kitambaa, la mwanawe kubwa zaidi. "Kula. Muda wenyewe mfupi."

Wakala, mlinzi akiwatazama.