Jezi ya Golikipa Titus

Titus alikuwa golikipa wa timu ya kijiji kule Nkowe, na alichokitamani siku zote ni jezi yenye namba moja. Kazi ya kuitafuta akapewa katibu wa timu, Mzee Harithi, aliyetunza ghala la ushirika kwa miaka ishirini. Ghala lilimwachia mazoea: hutaja kitu kwanza, kisha idadi yake. Majembe, mawili. Ndoo, tano.

Akampigia simu Koleta, mama anayechapa jezi Nachingwea mjini. "Moja, moja," akamwambia, maana yake namba moja, iwe moja tu. Koleta naye aliwahi kusahihisha jina kwenye fulana za msiba, marehemu akawa jirani aliye hai. Tangu hapo aliapa kuandika anachosomewa, haongezi wala hapunguzi. Akachapa 11.

Jezi ilipofika kwa bodaboda, Harithi akalalamika. Koleta akaomba radhi, akasema irudishwe na asomewe namba polepole. Harithi akadhani anaulizwa kilichopo mgongoni. Zilikuwapo tarakimu mbili za moja, basi akasoma, "Moja, mbili." Koleta akabandua za zamani kwa pasi, akachapa 12. Harithi akasoma tena kilichopo, moja ipo moja na mbili ipo moja: moja, moja, mbili, moja. Ikaja 1121. Safari iliyofuata ikaja 122111, kutoka kwapa hadi kwapa.

Titus aliivaa hivyo hivyo walipocheza na Narung'ombe. Mwamuzi aligoma kuanzisha mechi mpaka namba yote ienee kwenye kisanduku cha fomu yake, na mashabiki wakajaribu kuipiga kwa simu, wakalaumu kwamba tarakimu hazitoshi. Titus alidaka akiwa ameegemeza mgongo kwenye mlingoti kwa aibu.

Shemeji yake, Aurelia, anafundisha hisabati sekondari. Alipoelezwa mkasa akachukua kalamu, akaandika 112213, kisha 12221131, akasema jezi itazidi kurefuka bila mwisho, na kwamba humo tarakimu 4 haitatokea kamwe. Titus alisikia hilo la bila mwisho tu. Akakaa chini.

Aurelia akamsihi Harithi atamke "moja" basi, anyamaze.

"Moja, ngapi?" akauliza Harithi.

Aurelia akajitolea kupiga simu mwenyewe. Harithi akajibu kwa upole kwamba simu za timu hupigwa na katibu.

"Basi mzee, agiza ishirini na mbili," akasema Aurelia.

"Mwalimu, golikipa ni namba moja."

"Moja haitulii, mzee. Mbili zikiwa mbili, hata ukizisoma mara mia zitabaki zilezile."

Harithi akatafakari, akaona ni hesabu safi. Akapiga, akasema, "Mbili, mbili." Ikaja 22. Ili ahakikishe, akapiga tena kusoma kilichofika: mbili, mbili. Koleta akamuuliza kama anamfanyia mzaha, akakata simu.

Jumapili Titus alifungwa mabao matatu. Hata hivyo alirudi nyumbani anapiga mluzi, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza maana ya mgongo wake. Nicholaus, beki wa akiba aliyekuwa na ishirini na mbili kabla yake, alikabidhiwa jezi tupu isiyo na namba, akaambiwa awe na subira, Mzee Harithi anatafuta mtandao.