Ushanga wa Buluu

...nyekundu, nyekundu, tena nyekundu, labda amekosea ua, maana maua ya shanga ni matatu kiunoni mwa vazi lake la jimnastiki, lakini ule ushanga wa buluu Kokum, bibi yake, aliushona kwenye ua la kati, hakuwa mtu wa kubahatisha, ua la kati, petali ya chini, na Raeanne anainama hapo ukingoni mwa zulia la mashindano, utepe umekunjwa mkononi, anatazama upya, nyekundu zote... mbele yake msichana wa Kijapani bado anasubiri alama zake, majaji wameinamiana wanabishana, na hadi zitoke yeye hataitwa, "usiguseguse," ananong'ona Kocha Rositsa, "nimelirekebisha asubuhi, kulikuwa na ushanga mmoja wa rangi nyingine, hukuuona? nimeutoa, nimetia mwekundu, majaji wana macho, mwanangu," naye anatabasamu, anangoja ashukuriwe, "uko wapi, Kocha?" "nini?" "ule wa buluu," "si nimetupa! wa nini?" na anamlaza unywele uliosimama, kwa upendo, hilo ndilo linalouma, kwa upendo kabisa, angekuwa adui angemtukana... kutoka jukwaa la watazamaji Shangazi Darlene anapaza sauti, sketi yake ya kikwao iliyoshonewa tepe za rangi inaonekana hata huku, "Rae! Simama vizuri, wewe mifupa mitupu, ukigeuka ubavu hatukuoni!" na kina mama wa kwao wanaangua kicheko, wamesafiri kutwa nzima kutoka rezavu, ardhi waliyotengewa watu wao wa asili, hawajui kwamba Kokum hayumo, wanadhani ameingia naye...

kwa maana huo ushanga ndio ulikuwa mlango, Kokum alimwambia hivyo sindano ikiwa mdomoni, "kazi isiyo na kosa ni ya Muumba, mjukuu wangu, sisi tukijitia kuikamilisha tunajifungia ndani, acha ushanga mmoja upotee njia, roho zipite," na mikono yake wakati huo ilishaanza kutetemeka, akikosea anafumua, akikosea anafumua, makosa ya ugonjwa hakuyataka hata moja, halafu siku ya mwisho akachambua bakuli zima akautafuta ule wa buluu, akautia kwa makusudi, akacheka, "hapa nitapita mimi, wewe cheza tu," na theluji ilipoyeyuka wakamzika, na Raeanne hakulia sana, alilia kidogo, maana alijua wapi pa kumkuta, akanyamaza miezi yote hii akiweka kilio chake kwa ajili ya zulia hili, na sasa mlango umezibwa, nyekundu tupu, kazi safi, hata Kokum mwenyewe angeusifu mshono... afanye nini, akosee yeye mwenyewe? auangushe utepe kwa makusudi, aache mguu ulegee mahali pamoja tu, lakini mwili huu haujui tena kukosea kwa hiari, tangu utotoni umefundishwa kufumua, goti likipinda fumua, kidevu kikishuka fumua, akiteleza leo itakuwa ni woga, itakuwa kosa la ugonjwa, na lile Kokum hakulipokea... na ile video, alimpelekea video ya mashindano ya Toronto akamuuliza kwa simu, "Kokum, uliona nilivyotetereka pale mwisho?" kwa aibu, akitaka aambiwe hakuna aliyeona, na Kokum akasema, "niliona, wote walikuwa wanafanana, midomo myekundu, nywele zimebanwa, sikujua yupi ni wangu, ulipotetereka ndipo nilipokujua," naye Raeanne akakasirika, ee Mungu, akakasirika na bibi yake, akakata simu, kesho yake akarudi ukumbini akarudia pale mwisho hadi pakanyooka... kwa hiyo si Rositsa peke yake, Rositsa ametoa ushanga mmoja tu, yeye ametoa ngapi... "pumua," anasema kocha, "leo utakuwa bila dosari, naona machoni mwako," majaji bado wameinamiana, Mjapani bado amekumbatia goti lake, Shangazi Darlene bado anapunga mkono, na Raeanne anafumba macho anaomba lile ombi lake la kila mara, nisikosee, nisikosee, nisikosee, na kwa mara ya kwanza anaogopa kwamba litakubaliwa.