Kilichomtoa Walburga Chamani

Wanaosema Walburga alihongwa sukari akahama chama, hawakuwepo makaburini siku ile. Waliokuwepo wanajua, ila wapo waliofunga midomo kwa sababu mipini ya majembe iliyofanya kazi ile ilikuwa ya kwao.

Walburga alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Mpitimbi tangu enzi za chama kimoja. Wakati huo chama kilikuwa kama masika, hukiulizi, unakipokea tu. Vyama vingi vilipokuja vilikuta mbolea ya ruzuku imekwisha kuondolewa, na mahindi yanatoka ardhini manjano kama yana homa. Watu wakaanza kurudisha kadi. Huyu alihama kwa hasira ya mbolea. Yule alihama kwa kuwa alikosana na katibu wa tawi. Wengine walihama kwa debe la pombe ya komoni, na debe lilipokauka wakarudi wakipangusa midomo. Walburga aliwacheka wote.

"Mama akikosa chumvi siku moja, utakwenda kutafuta mama mwingine?" aliwauliza kisimani.

Wakaendelea kuteka maji. Balozi hajibiwi hovyo.

Mumewe, Fransisko, alikufa kwa kifua katikati ya kampeni, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Alikuwa kada wa zamani, mtu wa kupanda jukwaani. Basi Chama kikasema kitamzika chenyewe. Wakaleta mbao za jeneza, wakaleta mchele, wakaleta bendera ya kufunikia. Walburga alishukuru kwa mikono miwili. Alijisikia kama mtu aliyeweka mbegu miaka mingi na leo anavuna.

Jambo moja hakulisema, kwa kuwa hakujua kwamba linahitaji kusemwa. Hakusema kwamba mtani atakuwepo.

Nani Songea asiyejua utani? Babu wa Wangoni na babu wa Wahehe walichomana mikuki mpaka wakachoka, na wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Msiba wa Mngoni bila mtani ni kama ugali mkavu, unashuka lakini unakwama njiani. Na mtani wa nyumba ile alikuwa Hironimus Kikoti, Mhehe aliyeendesha mashine ya kusaga, mtu mfupi, kope zimejaa unga kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Siasa haikumhusu. Akiulizwa chama chake alisema, "Chama changu ni dizeli. Ikiwepo nanguruma, isipokuwepo nalala."

Asubuhi ya maziko alifika kwa Walburga amevaa gauni la mkewe na kofia ya marehemu.

"We Mngoni, unalilia nini? Si ndiye uliyekuwa unamnyima nyama huyu?"

"Nenda kale mbwa wako, Mhehe we!" Walburga alimjibu, na kwa mara ya kwanza tangu mauti yaingie akacheka, kamasi na kicheko pamoja. Wanawake wote mkekani wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani, kumfungua mfiwa kifua asije akafa naye.

Mgombea alifika kwa Landrova, na nyuma yake lori lililojaa vijana wa ulinzi wa Chama kutoka mjini. Kiongozi wao alikuwa Urban, mtoto wa Domina, mdogo wake Walburga. Urban huyu, Domina alipougua baada ya kujifungua, alinyonya ziwa la Walburga pamoja na mtoto wa Walburga mwenyewe, huyu kulia, huyu kushoto. Sasa alikuwa na buti na filimbi shingoni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Chama hakikulishi?"

"Kinanilisha, mama mkubwa. Leo tupo kazini."

Makaburini katekista Egidi akasali. Mgombea akasema maneno yake, marefu, mengi yakiwa ya kura. Kisha wakanyanyua jeneza. Hapo Hironimus akatimka na gauni lake, akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, mikono kifuani.

"Nyumba hii nimehamia mimi!" akapaza sauti kutoka shimoni. "Fransisko arudi kwake akalime! Mtanitoa kwa jogoo, tena mwekundu!"

Watu wakaangua kicheko. Benigna, mke wa kaka wa marehemu, tayari alikuwa na jogoo kwapani, maana mila haitaki kuambiwa. Lakini mtani mzuri hatoki upesi. Hironimus akainuka, akanyoosha mkono, akaivuta ile bendera juu ya jeneza na kujifunga kama khanga.

"Na hii je? Mzee mzima hana hata blanketi? Wangoni mmekuwa maskini mpaka mnafunika maiti kwa kitambaa cha mkutano! Mgombea, nipe na wewe jogoo, la sivyo nakwenda kusagia unga nimeivaa!"

Wenyeji wakacheka zaidi. Mgombea hakucheka. Mgombea alikuwa mtu wa huko huko, alizikwa babu yake kwa utani huo huo. Lakini alikuwa amekuja na watu wa mjini wenye kamera, na uso wake ukawa mweusi. Akamtazama Urban. Alimtazama tu.

Urban akapuliza filimbi.

Wale vijana wakalivaa kaburi kama nyuki. Wa kwanza alimkanyaga Hironimus bega kwa buti, akamrudisha chini. Wa pili alinyakua chepe la wachimbaji, na Urban mwenyewe akashika mpini wa jembe. Hironimus alikuwa bado anacheka. Alidhani Wangoni wametoka na mbwembwe mpya. "Jogoo kwanza!" akasema, na mpini ukampata mdomoni, meno yakatoka na neno.

Kaburi ni jembamba. Mtu akipigwa barabarani hukimbia, akipigwa nyumbani hujificha chini ya kitanda. Kaburini mtu hana pa kugeukia. Walimpiga kama wanaotwanga. Chepe likishuka lilitoa sauti moja likigusa udongo na sauti nyingine likigusa mtu, na baada ya muda ile sauti ya udongo haikusikika tena. Wenyeji walipiga kelele, "Ni mtani! Ni mtani wetu huyo!" Baadhi ya wanaume walijaribu kuingia wakapulizwa filimbi na kupigwa marungu. Baadhi, na hili ndilo Mpitimbi hawalisemi, walipoona mgombea anatazama, walipokezana majembe yao na vijana wa lori.

Walburga aliruka. Mwanamke wa umri ule, mjane wa siku moja, alijitupa shimoni juu ya Hironimus kama kuku anayefunika kifaranga. "Urban! Mimi mama yako!" Mpini uliokuwa unashuka haukusimama. Ulimpata mkono wa kushoto juu ya kiwiko, na mfupa ukalia kama muhogo mkavu unaovunjwa.

Hapo ndipo filimbi ilipopulizwa tena, wakaacha.

Mgombea alikuwa amekwisha kupanda gari. Walburga alikwenda mbio, mkono unaning'inia, akashika mlango.

"Baba, tupe gari tumfikishe hospitali ya misheni. Anapumua."

"Mama, gari hili lina ratiba. Na damu ile..." Akatazama viti. "Pole na msiba."

Landrova ikaondoka. Lori likafuata, vijana wakiimba.

Wakamtia Hironimus kwenye machela ya miti na blanketi, wanaume wakabeba kwa zamu, Walburga akienda pembeni amefunga mkono kwa kitenge. Huku nyuma, kwa kuwa jua halimngoji mtu, Fransisko alishushwa katika kaburi lile lile, juu ya damu ya mtani wake. Hakuna aliyeligomboa kaburi kwa jogoo.

Njiani Hironimus alifumbua jicho moja. Lile jingine halikuwepo tena.

"Mngoni," akasema, maneno yakitoka na mapovu mekundu. "Babu zako walishindwa kutumaliza kwa mikuki... Ninyi mmekuja na chepe?"

"Nyamaza, Mhehe mjinga. Hifadhi pumzi."

"Jogoo... mpe mke wangu."

Walipofika mtoni alikuwa ameshakuwa mzito. Wabebaji husema maiti huzidi uzito wa mtu, nao waliujua uzito huo kabla ya kuambiwa. Wakamlaza majanini. Walburga akaketi karibu naye akimfukuzia nzi kwa mkono mzima.

Siku ya pili katibu wa tawi, Leodegari, alikuja nyumbani na Urban. Hakuja na ubani wala pole.

"Balozi," Leodegari alianza, akivuta kigoda, "polisi watapita. Wewe ndiwe kiongozi, neno lako ndilo watakalolishika. Utasema yule Mhehe alikuja na panga. Alitumwa na chama kile kingine avuruge msiba. Vijana walijihami."

"Panga alilificha wapi? Ndani ya gauni la mkewe?"

"Balozi, hapa si mahali pa mzaha."

"Hata makaburini hapakuwa mahali pa mzaha, nimeona."

Leodegari akatoka nje kuwaachia nafasi, maana alijua nani ana ufunguo wa moyo ule. Urban akachuchumaa mbele ya mama yake mkubwa.

"Mama mkubwa, ukisema vingine, mimi nanyongwa. Unaelewa? Mimi. Si mgombea, si Leodegari. Mimi niliyenyonya hapo." Akaonyesha kifua cha Walburga kwa kidole.

Walburga alimtazama usoni. Alimwona mtoto yule yule wa tumbo kubwa aliyekuwa akilia akipokonywa ziwa.

"Nikuulize moja, na unijibu kweli. Ulijua kwamba ni mtani?"

Urban akainamisha kichwa. "Nilijua."

"Ulijua anafanya nini kule kaburini?"

"Nilijua, mama mkubwa. Tangu utotoni nawaona. Lakini mgombea alikuwa ananitazama."

Kama angesema hakujua, Walburga angesema panga lilikuwepo. Angelisema hata mbele ya altare, yeye na Mungu wangejuana. Kijana wa mjini asiyejua mila ni mtoto aliyeshika moto, unampokonya, unamficha. Lakini huyu alijua. Alijua, na akaua, ndani ya kaburi la mume wa mama yake, kwa sababu mkubwa alitupa jicho.

"Basi hicho chama chenu," Walburga akasema taratibu, "kimekupa macho ya mtu mwingine, kimekutoa ya kwako. Mimi panga sikuliona."

Urban akasimama. Akamshika ule mkono uliovunjika, juu ya kiwiko, akaubana. Walburga akaanguka magotini. "Utaliona," Urban akasema, huku mwenyewe analia, na anazidi kubana. "Utaliona, mama mkubwa! Liseme! Liseme panga!" Mifupa ikasuguana ndani ya ngozi. Walburga akatapika uji wote wa asubuhi kwenye buti za yule mtoto, na panga hakulisema.

Alidandia lori la mahindi hadi Songea mjini, akaingia kituoni na matapishi yakiwa yamekauka kwenye khanga, akasema alichokiona. Alimtaja Urban. Alimtaja na mgombea aliyetazama, lakini askari akamwambia kutazama si kosa. Jioni ile Urban akakamatwa. Mgombea akaendelea na ratiba yake.

Waliobaki katika lile lori walirudi Mpitimbi. Walivunja milango ya Walburga, wakakata mbuzi wake miguu wakawaacha wakitambaa uani wakilia kama watoto. Alitoka nje na kisu akawamaliza mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mkono wake wa kulia, ili wasiteseke. Kisha akaingia ndani akaitoa kadi yake ya Chama, akampelekea Leodegari, akaiweka mezani kwake ina alama za vidole vya damu ya mbuzi.

Chama kipya hakikuchelewa kunusa. Wakaja na vipaza sauti na fulana, wanataka apande jukwaani aonyeshe mkono.

"Hironimus ni shujaa wetu," kijana wao akasema. "Amekufa kwa ajili ya mageuzi."

"Hironimus amekufa kwa ajili ya jogoo," Walburga akamjibu. "Mlikuwa wapi siku ya machela? Ondokeni uani kwangu, mnakanyaga damu."

"Kwa hiyo bibi hutatupigia?"

"Nitawapigia. Siwapendi, na huenda kesho nanyi mtatafuta vijana wa kuwatazama. Lakini kule nilikokuwa mkono wangu hauendi tena."

Siku ya kura foleni ilikuwa ndefu tangu shuleni hadi barabarani. Domina, mama yake Urban, alikuja akiwa hakusuka wala hakuoga. Aliwapita watu wote, akamfikia dada yake, akampiga kofi mdomo ukapasuka.

"Umemla mwanangu! Ulimnyonyesha ili umle!"

Walburga hakuinua mkono. Alilamba damu, akaingia ndani ya chumba cha darasa, akaweka alama yake pale ambapo hakuwahi kuiweka, akatumbukiza karatasi. Kidole chenye wino na mdomo wenye damu, akatoka.

Domina alikuwa anamngoja njiapanda na jiwe. Walburga hakuchepuka. Jiwe likampata begani, bega la mkono ule ule, akayumba, akasimama. Benigna na wanawake wengine wakamrukia Domina kumshika, mmoja akakwanyua fimbo.

"Mwacheni," Walburga akasema, pumzi zikimkata. "Ana haki yake. Mwacheni atupe jingine, kama analo."

Wakamwachia. Domina akatazama chini, huku na huku, akatafuta. Njia ilikuwa mchanga mtupu. Akaketi chini pale pale, na Walburga akabaki amesimama mbele yake, hasogei mbele wala harudi nyuma.