Injini ya Theluji

Injini yenyewe ilitoka nchi ya baridi. Chenge, mnunuzi wa sangara, aliikuta Dar es Salaam kwenye yadi ya mashine kuukuu, ingali ndani ya kitu kilichofanana na pikipiki iliyonyang'anywa magurudumu: mbele kina viatu viwili virefu vya kuteleza, nyuma mkanda wa mpira wenye meno. Wenye yadi walimwambia kwamba huko kilikotoka watu hukipanda juu ya theluji. Chenge hakuwa na haja na theluji. Alichotaka ni ile injini, nyepesi, yenye turbo. Akaing'oa, akaipakia kwenye lori, akaja kuishusha mbele ya gereji ya Dorcas, Mkuyuni, kando ya ziwa.

"Mama Precious," alisema, "nifungie hii kwenye boti. Nataka nifike visiwani kabla ya wenzangu, nirudi na samaki barafu haijaanza hata kutoa jasho."

Dorcas alikuwa fundi wa injini za boti, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alizijua injini kwa kuzipapasa tu, lakini ya namna hii hakuwahi kuiona. Alitazama video kwenye simu, watu waliojifunga manguo kama wamevaa magodoro wakipasua weupe mtupu, akacheka. Kisha, kadiri alivyoendelea kuichokonoa, akaipenda. Alichongesha shafti, akaivutia maji ya ziwa ya kuipoza, akaibembeleza mpaka ikakubali kukaa kwenye boti.

Siku ya majaribio aliyeshika usukani alikuwa Obedi, mdogo wake wa mwisho, ambaye Chenge alikuwa amemwajiri kuendesha boti zake. Baba yao alipofariki Obedi alikuwa bado ananyonya. Dorcas alimbeba mgongoni kuliko mama yao mwenyewe alivyombeba. Boti iliondoka mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, kama iliyotukanwa. Wapima samaki waliacha mizani zao wakasimama kutazama, na Dorcas, mikono imejaa grisi, alijikuta anapiga vigelegele.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini haukupita muda Chenge akarudi na boksi aliloagiza nje kupitia mtandaoni. Ndani mlikuwa na nozeli kubwa za petroli, pampu yenye nguvu zaidi, na kisanduku cheusi cha kuongezea msukumo wa turbo, chenye kitufe cha namba.

"Hivi ndivyo wanavyofunga wenzetu wa huko nje," alisema Chenge. "Inakuwa nyingine kabisa."

"Turbo inashindilia hewa," Dorcas alimweleza. "Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Ikipungua kidogo tu, moto unakuwa mkali kupita kiasi, unatoboa pistoni. Na petroli waliyokusudia wao siyo hii yetu ya sheli."

"Wewe funga, fundi. Hayo mengine niachie mimi."

Angekataa, kazi ingekwenda kwa fundi mwingine kule Buzuruga, ambaye angefunga na kuweka namba ya juu bila kuuliza. Ndivyo alivyojiambia. Akafunga. Akaweka namba ya chini kabisa, akakifunika kitufe kwa tepu nyeusi, akamwita mdogo wake.

"Hapa usiguse."

"Sigusi, dada."

Wiki kadhaa zilipita salama. Kisha mchana mmoja, Dorcas akiwa ameinamia jenereta la mteja, simu ikaita.

"Dada, imezima."

"Uko wapi?"

"Katikati. Ukerewe naiona kwa mbali. Huko nyuma sioni kitu."

"Ilizima kimya, au ililia kwanza?"

"Ililia. Kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko. Halafu ikakaba."

Dorcas aliketi juu ya tairi. Mlio huo aliujua.

"Fungua plagi ya nyuma. Uniambie rangi."

Alisikia spana ikigonga chuma, na nyuma ya spana alisikia upepo.

"Nyeupe," alisema Obedi. "Nyeupe kama chaki. Halafu ina vumbi linang'aa, kama sufuria iliyokwanguliwa."

Lilikuwa vumbi la pistoni. Dorcas hakumwambia. Alimwambia aifungue na ya mbele, aipanguse, airudishe, ajaribu kuwasha kwa hiyo moja. Simu ikamletea sauti ya stata ikizunguka, kikohozi kimoja, kisha kimya. Wakarudia. Safari hii hata kikohozi hakikuja.

"Betri inachoka, dada."

"Iache. Mawingu yapo?"

"Yapo. Upande wa Musoma kumekuwa kama usiku."

Mikono ya Dorcas ilikuwa inafunga na kufungua hewani, kana kwamba ile injini iko mbele yake. Kila alichojua kukifanya kilihitaji vidole vyake viwe kule.

"Sikiliza. Funga kasha la barafu kwa kamba, ulitupe majini mbele, liivute boti iangalie mawimbi. Yakikupiga ubavuni utapinduka. Koti la kuelea umevaa?"

"Nimelikalia."

"Livae, Obedi! Livae sasa hivi!"

"Navaa. Dada, mimi nili—"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, alijibiwa na yule mwanamke wa kwenye mtandao, kwa sauti yake isiyojua shida za mtu, kwamba namba haipatikani.

Alikimbilia mwaloni. Alipofika ndipo alipogundua kwamba amebeba sanduku la spana. Kwa nini, hakujua. Chenge alikuwa tayari pale, simu sikioni, jasho linamtiririka, anawapigia watu wa visiwani mmoja baada ya mwingine. Dorcas alimwendea Jumbe, mwenyekiti wa mwalo, mzee aliyeheshimiwa na wavuvi wote.

"Shikamoo mzee. Naomba boti. Mdogo wangu yuko kule."

"Marahaba, mama." Jumbe alitazama ziwa, ambalo lilikuwa limeanza kubadilika rangi. "Nimepata habari. Ukitulia upepo natoa boti mbili. Lakini sasa hivi, mama, nitume vijana wangapi wakafe kwa ajili ya mmoja?"

Dorcas aliliweka sanduku la spana mchangani. Mzee alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomvunja. Mzee angekuwa mtu mbaya, Dorcas angemtukana.

Upepo ukafika. Mabati ya vibanda yakaanza kupigana. Mama yao akapiga simu kutoka Misungwi, akauliza mbona Obedi hapatikani, alitaka kumsalimia tu.

"Ni mtandao, mama," Dorcas alisema. "Atapatikana."

Usiku ule hakuna aliyelala. Boti za Jumbe ziliondoka kulipopambazuka, lakini si zenyewe zilizompata. Wavuvi wa Kikerewe waliokwenda kutegua nyavu ndio waliomwona, boti imejaa maji hadi nusu, yeye amelala juu ya injini ameikumbatia. Walimrudisha midomo imepasuka, viganja havina ngozi kwa kuvuta kamba.

Dorcas alikuwa akimnywesha uji Obedi alipozungumza.

"Niliongeza, dada. Boti za wenzetu zilikuwa mbele. Nikabandua tepu, nikaweka namba ya mwisho."

Dorcas aliweka kikombe chini.

"Ilipaa," Obedi alisema. "Hukuiona. Nakwambia haikuwa inagusa maji." Na katika uso ule uliobabuka, macho yakang'aa.

Dorcas alikuwa amejiandaa kwa kilio, hata kwa lawama. Kwa macho yale hakuwa amejiandaa. Akampa uji mwingine.

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya nyuma ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Chenge alisimama kando yake akitikisa kichwa, kisha akasema pistoni nyingine ameshaagiza.

"Mimi sifungi," alisema Dorcas.

"Sikulazimishi, Mama Precious. Nimekuelewa kabisa." Akaipeleka Buzuruga.

Viganja vya Obedi vikapona. Dorcas alikwenda Misungwi kumleta mama yao, akidhani labda mbele ya mama Obedi atasikia, aiache boti ile. Mama alisema mpaka akalia. Obedi aliinamisha kichwa, akajibu "Ndiyo, mama" kila mahali palipostahili, akamletea maji ya kunywa. Jioni akauliza kama kuna mtu ameona kofia yake ya kazini, kwa sababu kesho anasafiri.

Alfajiri Dorcas alitangulia mwaloni na spana mfukoni. Alikuwa ameamua kuiharibu ile injini. Alipanda kwenye boti, akafunua kifuniko, akainama na tochi ya simu. Kisha akasimama pale pale. Akikata waya wa kisanduku, labda injini itawaka vizuri hapa ukingoni ikafie katikati ya maji. Akilegeza nozeli, petroli itavuja, na petroli karibu na turbo ni moto. Akiificha plagi, Chenge ana plagi tele. Chochote ambacho angekivunja, kingevunjika Obedi akiwa ndani.

Mwanga wa simu ukaangukia kibano cha mpira wa petroli. Fundi wa Buzuruga alikuwa amekifunga nusu, alipokigusa kilicheza. Dorcas alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa spana, akakikaza. Akapapasa na vingine, kimoja kimoja, akavikaza vyote.

"Shikamoo, dada." Obedi alikuwa amesimama mchangani, kofia kichwani. "Umeamkia huku?"

"Marahaba."

Alishuka akampisha. Obedi alipanda, akabonyeza stata. Injini ikawaka mara moja, safi, bila kukohoa.