Tone la Njiani

Kimya aliona miguu kwanza. Abiria wadogo wa bati katika behewa la mwisho walikuwa wameipandisha juu ya viti, kama watu ambao nyumba yao imeingia maji. Akaendelea kufungua skrubu.

Treni ilikuwa ya kuchezea, ya kuendeshwa mezani, kuukuu kuliko yeye. Mwenyewe, bibi mjane mwenye mkoba mweusi, aliketi mbele ya benchi akisubiri. Mumewe, baada ya kufariki, alihamia katika behewa lile, kiti cha dirishani. Kila jioni bibi aliiwasha treni, na marehemu akasoma gazeti lake kwa mwanga wa balbu isiyozidi punje ya mchele.

"Imezimika tena," bibi alisema. "Na ameapa, safari hii akikosa kusoma anahamia kwenye saa ya ukutani ya wifi yangu. Wifi mwenyewe mnamjua. Atanisimanga mpaka nami nife."

"Hahami mtu," akajibu mjomba wa Kimya, fundi mwenye duka. "Binti, hebu mtazamie mzee."

Kimya aliufuata umeme ulikopita. Katika treni kama hizo umeme hutoka kwenye reli, ukapanda magurudumu, ukapokelewa na kijibati cha shaba, ndipo waya ukaufikisha kwenye balbu. Kwenye reli ulikuwepo. Kwenye balbu haukuwepo. Katikati palikuwa na mafuta tu, meusi, yameganda kwenye magurudumu kama masizi ya sufuria.

Mafuta hayo yalikuwa ya mjomba. Mjomba aliamini kwamba chuma kina koo. Mashine haikutoka dukani kwake bila kupewa tone la njiani: cherehani, redio, feni, hata pasi moja iliyokwenda kuharibu shati la bwana harusi. Wateja walimpenda kwa ukarimu huo, na kwa sababu ya ukarimu huo walirudi kila mara.

Kimya alijua siku nyingi. Lakini mjomba ndiye aliyempokea alipoacha shule, akamtia bisibisi mkononi. Mkono unaokulisha huuambii kwamba unachuruzika.

Akafuta magurudumu kwa pamba na spiriti, akaikwangua shaba mpaka ikang'aa. Balbu ikawaka. Abiria wakashusha miguu. Marehemu akafungua gazeti, kisha akainua macho.

"Binti," alisema kwa sauti ya ukubwa wake, "mimi nimekufa. Nikisema neno naambiwa nipumzike. Wewe una udhuru gani?"

Mjomba alikuwa ameshashika kopo la mafuta.

Masikio ya Kimya yaliwaka moto. "Mjomba," alisema, "mafuta yako ndiyo yanayozima taa."

Bibi aliacha kupekua mkoba. Mjomba aliweka mkono kifuani.

"Umesikia, bibi? Ameongea! Mwenyewe, bila kuulizwa!" Machozi yakamlengalenga. "Jambo kama hili haliachwi likavu."

Akamimina, wala halikuwa tone. Treni ikazunguka meza mara moja, taa ikafifia, ikazimika.

Marehemu alikunja gazeti, akavaa kofia, akashuka. Alipita kando ya bisibisi, akajifuta viatu kwenye pamba, akaketi juu ya kibiriti chini ya taa ya mezani ya Kimya, akaendelea na ukurasa alioachia.

Bibi alimtazama kitambo. "Basi nitakuwa namfuata hapa jioni," alisema. "Afadhali hapa kuliko kwa wifi." Akaikumbatia treni yake na kuondoka, huku ikimchuruzikia kwenye mkoba.

"Umeona?" mjomba alisema, akijaza kopo upya na kupiga mluzi. "Mteja ameridhika, na atarudi."

Marehemu hakuinua macho. Alipandisha miguu tu.

"Na ile pasi, mjomba," Kimya akasema. "Na ile pasi pia ilikuwa wewe."