Ifakara ya Wifi Agnella

Kitendawili kikikushinda, unatoa mji. Hiyo ndiyo sheria, na Bibi Scolastica aliifuata tangu utoto. Kwa kutega tu, huku anapepeta mpunga au anamenya mihogo, alikuwa amejipatia Mahenge, Chita, Shinyanga na hata Roma, ambayo Katekista Tadei aliitoa kwa hasira baada ya kushindwa mbele ya wanakwaya wake. Miji ya Bibi ilikuwa mingi kuliko kuku wake.

Sasa mjukuu wake Rosemery, ambaye kazini huchora kwa kompyuta ramani za madimbwi ya mbu, alikuja likizo akasema atamchorea Bibi nchi yake yote. Programu ni ile ile ya mbu, alieleza, haiulizi kama nchi ipo au haipo. Bibi akavuta kigoda. Akaagiza Roma iwekwe ng'ambo ya mto Kilombero, asipate taabu ya safari siku ya Pasaka. Milima ya Udzungwa akaisogeza karibu, kwa ajili ya kuni. Shinyanga akaitaka iwe na bahari, maana Sikitu, jirani yao Msukuma aliyeitoa, hakuisha kulalamika kwamba ng'ombe wa kwao hawana maji. Rosemery akasema ng'ombe hawanywi maji ya bahari.

"Basi yaondoe chumvi," Bibi akamjibu. "Si umesema haiulizi?"

Kazi ilikwenda vizuri hadi walipofika Ifakara yenyewe, mji wanaoishi. Ifakara haikuwa ya Bibi. Ilikuwa ya wifi yake Agnella, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa naye ua mmoja. Bibi aliitoa wakati wa mavuno, siku aliyotegwa akiwa na kipande cha muhogo wa moto mdomoni. Jibu alilijua, ulimi ndio uliogoma. Siku zote hizo lilikuwa jambo la kucheka. Lakini Rosemery alipoipaka Ifakara zambarau, rangi ya Agnella, Bibi aliona nyumba yake, choo chake na kaburi la mumewe vyote vimezama humo.

"Ipake kijani kama yangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Bibi, mwenye mji ni Bibi Agnella. Mimi naandika nilichoambiwa."

Bibi akamwahidi firigisi ya jogoo. Rosemery alifikiri kidogo, kisha akakataa.

Agnella alipopita na ungo wake akaiona ile zambarau, mambo yakaharibika. Alikaa, akapitisha kidole kwenye kioo cha kompyuta, akatoka Ifakara, akavuka mto hadi Mahenge, akarudi, kama bwana shamba anayekagua. Tangu hapo Scolastica akawa mgeni. Akitoka kwenda sokoni, anaulizwa amemuaga nani. Akichuma mchicha, anaambiwa wageni huomba kwanza. Ulikuwa utani, lakini utani wa kila siku huchubua.

"Nikifa nitazikwa kwenye mji wa wifi," alimwambia Rosemery. "Nitamwomba ruhusa nikiwa ndani ya jeneza?"

Jumapili, baada ya misa, akamfuata Agnella jikoni.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimevuka Kilombero imefurika, sikulowa hata ukucha."

Agnella akataja kivuli. Akataja korongo, akataja mwezi, akataja abiria wa basi darajani. Sivyo. Basi, akasema, chukua Mang'ula. Bibi hakuitaka. Akapewa Morogoro, akapewa Dodoma, akapewa Dar es Salaam pamoja na bandari yake. Zote akazikataa, kwa kuwa na hiyo ni sheria: mtegaji asiporidhika na mji, jibu halitoki.

"Kaa na jibu lako," Agnella akasema, akaenda zake.

Lakini pale uani kila mtu alijua Agnella hawezi kulala na jambo asilolijua. Ndiye anayesimamisha bodaboda barabarani ili aulize abiria anaumwa nini. Jioni hiyo aliunguza maharage. Kesho yake alionekana akimhoji Sikitu kama kuna ng'ombe anayeweza kuvuka mto akabaki mkavu. Jumanne asubuhi alisimama mlangoni kwa Bibi, khanga imefungwa kombo.

"Chukua Ifakara. Sasa sema."

"Kidole," Bibi akasema. "Kidole kwenye ramani. Si ulivuka nacho mwenyewe, mimi nakutazama?"

Agnella akakiangalia kidole chake kama ndugu aliyemsaliti. Rosemery, aliyeinamia kompyuta asionekane anavyocheka, akaigeuza Ifakara kuwa kijani.

Kikabaki kitu kimoja: aliyepewa mji huenda, kisha husimulia alichokikuta. Bibi akakaa vizuri.

"Nimekwenda Ifakara, nimepikiwa wali mpya na perege, watu wananipisha njia. Nimeingia kwenye ua mmoja, nimemkuta mwanamke kasimama mlangoni, kanuna. Nikamuuliza, wewe wa wapi? Akasema, wa hapa hapa. Nikamwambia, basi ingia, mji ni wetu sote, ila ufunguo nashika mimi."

Agnella akaingia. Akatafuta pa kukaa, akamwambia Rosemery amwonyeshe ile Roma, anataka kuona kama kuna kiwanja karibu na kanisa.